Zamu Yangu Hafi Mtu

Asumini mwanangu,

Mimi mama yako nilizaliwa na nyota kali; wewe unajua, na Kariakoo nzima inajua. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi wodini, wodi ya wanawake, vitanda ishirini na nne na wengine chini kwenye mikeka, na hajapata kufa mtu kwenye zamu yangu. Hata mmoja. Madaktari waliovuka bahari kwenda kusoma wamefiwa. Sista Agripina, mkubwa wetu wa wodi, anayetembea na funguo kiunoni kama askari jela, amefiwa mpaka ameacha kuhesabu. Mimi Somoe binti Chikoyo wa Lindi, darasa la nne na nusu, sijafiwa. Ndugu wa wagonjwa wakifika getini huuliza kwanza, "Leo yupo Bi Somoe?" Wakiambiwa yupo, wanakwenda zao kulala. Sokoni sijapata kuuziwa papai bovu tangu habari hiyo ienee. Yule Mwarabu wa duka la pembeni, ambaye hata mwanawe wa kumzaa hampi kitu bure, mkewe alipolazwa alinipa doti ya kanga na kunisihi nisichukue likizo mpaka mke atoke.

Nyota, mwanangu. Wengine wamepewa sura, wengine sauti, wengine nyota. Mimi nilipewa zote tatu, lakini tusijisifu sana.

Kesho alfajiri unapanda basi la kusini kwenda kuwa nesi wa zahanati, peke yako, kijiji kizima mikononi mwako. Maagizo shangazi yako amekwisha kukupa tangu alasiri: maji yachemshwe, chandarua kichomekwe, usile kwa watu usiowajua, usicheke sana na mwenyekiti wa kijiji. Baba yako amelifunga sanduku lako kwa kamba za bandarini, na kwa anavyofunga shehena yule, huko Liwale utahitaji winchi kulifungua. Mimi sina agizo. Nina barua hii. Nitaitia mkononi mwako basi likishawasha moto, na nakuomba usiifungue mpaka kwenye kivuko cha Rufiji. Pale magari hungoja nusu siku, utapata nafasi. Sitaki uisome mbele yangu. Mdomo wangu ni shujaa, unaujua, lakini uso wangu ni mwoga.

Ni habari ya Jumapili ile uani. Ulikuwa unamenya mihogo na kisu kinakucheza mkononi, mimi nakuona, najifanya sikuoni. Ukamwambia baba yako:

"Baba, nitakwenda. Lakini akifa mmoja mikononi mwangu, mmoja tu, napanda basi narudi."

Baba yako akacheka. "Basi lenyewe huko linafika kwa mwezi mara mbili. Itabidi umwombe mgonjwa afe siku ya basi."

Wewe hukucheka. Ukasema, "Mama miaka kumi na tisa hajafiwa. Mimi mwaka mmoja wa mazoezi nimefiwa na watatu, mmoja mtoto mdogo. Wenzangu wakipangwa na mimi wanabadilisha zamu. Wananiita Mkosi, Baba. Silali. Kule nitawaua watu."

Ukaniangalia. Ulikuwa unaningoja mimi.

Nami nikasema nini? Nikasema, "Nyota hairithiwi, mwanangu. Ingekuwa inarithiwa ningekumegea." Nikacheka kile kicheko changu cha mpaka mtaa wa pili. Ukainama ukaendelea na mihogo yako. Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilisikia utamu. Utamu kabisa, kama mtu aliyelambishwa asali.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama hamwambii mwana. Nakuonea wivu. Siyo ule wivu mdogo wa kutamani viatu, ingawa viatu vyako vyeupe navyo nimevitamani. Wivu wa kuniamsha. Siku ile ya kumaliza chuo nilikaa mstari wa tatu na doti yangu bora, nikaona daktari mkuu anakupa mkono, na cheti chako jina limepigwa kwa mashine. Langu mimi, miaka yote hiyo, limeandikwa kwa penseli kwenye orodha ya zamu, ili lifutike vizuri. Sista Agripina alikuja siku ile, na jina lako liliposomwa alisimama. Mwanangu, Sista yule hajapata kunisimamia mimi, labda siku aliponikuta nimekalia kiti chake.

Halafu ukaja nyumbani ukanivisha kofia yako uani kwa mzaha. "Mama, imekukaa!" Wapangaji wote wakapiga makofi. Nikaivua upesi nikasema inabana. Haikubana. Kesho yake ulipokwenda dukani niliivaa tena mbele ya kile kioo cha kunyolea cha baba yako, kinachoonyesha nusu ya uso. Nikahamisha kioo nikaona nusu ya pili. Nilipendeza, mwanangu, nilipendeza mpaka nikakasirika.

Ndiyo maana uliposema umeshindwa nikasikia utamu. Msichana ana cheti, ana Kiingereza, ana kofia, lakini nyota ya mama hana. Bado nimebaki na kimoja cha kumzidi.

Lakini Liwale atakufa mtu. Kijiji kizima, zahanati moja, nesi mmoja, haipiti miezi miwili. Atakufa mtu na wewe utafunga sanduku, utarudi uketi uani kwangu uamini maisha yako yote kwamba una mkosi. Kwa hiyo sina budi kukueleza nyota hii inavyofanya kazi. Nivumilie. Nitazunguka kidogo, maana njia iliyonyooka siiwezi.

Nilianza na ufagio. Baba yako alipoitwa bandarini nilimfuata hapa mjini, nikapata kazi ya kufagia wodi. Mwezi wa kwanza tu nikaona kitu. Alikufa mama mmoja, na nesi wa zamu, mtu mzima, mtaratibu, akatoka mlangoni kuwaambia ndugu. Kabla hajamaliza, mume wa marehemu akamzaba kofi. Kofia ikaruka ikaangukia kwenye ndoo yangu ya maji machafu. Nesi yule akaiokota, akaikamua, akaivaa hivyohivyo imelowa, akarudi ndani kuendelea na sindano. Wote wakasema, ah, jasiri. Mimi niliyeshika ndoo niliona miguu yake. Ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi. Nikasema moyoni: mimi kofi hilo silipokei, wala mlango huo sitoki.

Nikapanda. Nilikuwa na macho na nilikuwa na mdomo, na darasa la watu wazima nilisoma jioni mpaka nikamaliza vitabu vyote vya kilimo cha pamba, mimi ambaye sijapata kulima hata mchicha. Wakanipa miezi sita ya mafunzo, nikawa nesi msaidizi. Kuchemsha sindano, kutandika kitanda na mgonjwa ndani yake, kupima homa, yote nikayaweza. Na zaidi ya yote nikajifunza kuangalia. Haya hawakufundishi chuoni. Mtu anayekwenda, pua inachongoka. Kucha zinageuka rangi. Miguu inapoa kuanzia vidoleni. Na mgonjwa aliyelalamika siku tatu anaacha kulalamika. Hili la mwisho ndilo kubwa. Daktari akimkuta ametulia hufurahi. Mimi nikimkuta ametulia nilikuwa naangalia saa ya ukutani, zamu yangu imebaki kiasi gani.

Kwetu wodini, saa nane mchana, anayetoka na anayeingia hupita pamoja kitanda kwa kitanda. Huyu kala, huyu kakataa, huyu sindano saa kumi. Kitanda cha mwisho kikishapitwa, anayetoka husema, "Nimekukabidhi." Anayeingia husema, "Nimepokea," na kutia sahihi kitabuni. Baada ya neno hilo kila pumzi ya wodi ile ni yake. Atakayekufa dakika moja baadaye ni wake: yeye atamwosha, yeye atamfunga kidevu, yeye atatoka mlangoni kuwaambia ndugu, na jina lake ndilo litakaloandikwa.

Mpokeaji wangu alikuwa Felista.

Humjui, ulikuwa mdogo. Binti wa Masasi, wa misheni, kidato cha pili, mrefu, kofia yake ameitia wanga mpaka ukiigonga inalia. Alikuwa mwoga huyo! Zamu saa nane, yeye saa saba na nusu yuko mlangoni. Anakagua dripu, anafika mwisho, anarudi kukagua tena kana kwamba zimebadilishana vitanda. Alikuwa anaandika vitu kiganjani kwa kalamu. Nilimtania mbele ya wodi nzima: "Nesi Felista, ukinawa mkono huo si mgonjwa kafa?" Wakacheka hadi waliokatazwa kucheka kwa sababu ya mishono. Naye akacheka, masikini, huku anaficha mkono.

Lakini mwoga huyo alikuwa anasoma chati za Kiingereza, mimi naangalia picha ya mstari unapanda unashuka. Haikupita miezi sita, Sista Agripina akampa ufunguo wa kabati la dawa. Ufunguo ule nilikuwa nimeutamani miaka tisa, Asumini. Halafu ikaja nafasi moja ya kwenda kusomea unesi kamili. Sista akaniita ofisini. "Somoe, nafasi nimempa Felista; fomu yenyewe ni ya Kiingereza. Ningefanyaje?" Nikamwambia, "Hakuna neno, Sista, mimi nina nyota yangu." Nikaenda chumba cha mashuka nikauma shuka.

Kitanda cha saba alikuwapo Bi Mgeni wa Ilala, msuka mikeka, mcheshi kunishinda. Aliniita shoga tangu siku ya kwanza. Pumzi ilikuwa inamsumbua, siku tatu analalamika: shoga niinue, shoga nilaze, shoga huu mto au jiwe la kusagia? Alhamisi moja akaacha kulalamika. Nikaangalia pua.

Felista akafika saa saba na nusu kama kawaida yake. Nikamdaka mlangoni. "Nesi, nipokelee mapema leo. Duka la ushirika wameleta sabuni, foleni imefika msikitini."

"Haya, Bi Somoe. Nenda tu, usije ukakosa."

Tukapita vitanda mbio. Cha saba nikasema, "Huyu kalala. Usiku hakupata usingizi, usimwamshe mpaka saa ya dawa." Tukafika mwisho. Nimekukabidhi. Nimepokea. Akatia sahihi kwa mwandiko ule wa misheni, kila herufi imechana nywele.

Sabuni haikuwapo. Nilisimama mtaa wa Msimbazi kwenye kibaraza cha fundi cherehani, nikanunua kashata tatu, nikazila zote, sikusikia ladha.

Kesho yake nikakuta wodi kimya. Jana yake saa nane Felista alikwenda na dawa kitanda cha saba, akamgusa bega Bi Mgeni, akapiga ukelele uliosikika hadi jikoni. Sista Agripina alimsimamisha mbele yetu.

"Ulipompokea ulimgusa?"

"Sikumgusa, Sista. Nilimwona kalala."

"Somoe, ulimkabidhi akiwa katika hali gani?"

"Kalala, Sista. Kitabu si hicho?"

Felista akasema, "Ni kosa langu. Ningemgusa ningejua anaishiwa, ningemwita daktari." Alisema hivyo, na mikono yake ilikuwa imeloa kama iliyotoka kwenye beseni.

Basi kwa Felista njia yangu ikawa nyepesi. Kila nilipoona pua imechongoka, foleni ilipatikana: ya sukari, ya mchele, ya mafuta ya taa. Miaka ile nani angekubishia foleni? Pengine nabadilisha zamu nzima, nasema mjumbe wa nyumba kumi ameita mkutano. Wao wanafia kwa Felista, na sifa inabaki kwangu. Hata wagonjwa wakaanza kusema. Nikiingia, "Karibu nyota yetu." Akiingia yeye, watu wanajifunika shuka mpaka kichwani. Mama mmoja alikataa sindano yake: "Wewe hapana. Nitamngoja Bi Somoe." Neno Mkosi, mwanangu, halikuanzia kwako. Mimi nililisikia kwanza kwenye wodi yangu, na sikulikataza.

Felista akaacha kula. Akawa ananawa mikono mpaka ngozi ikachanika kwenye vifundo. Nikienda kuchukua mashuka namkuta amesimama gizani katikati ya marundo, anahema. "Unatafuta nini, Nesi?" "Foronya, Bi Somoe." Foronya iko mkononi mwake.

Na usidhani ni utoto wa kazi, ukikua unapona. Siku moja kabla ya daktari kupita nilimkuta Sista Agripina anatapika kwenye sinki. Akafuta mdomo akasema, "Funga mlango, Somoe. Kila Jumatatu niko hivi, huu mwaka wa kumi na nne. Ulipokuwa na ufagio uliogopa ufagio. Felista anaogopa wagonjwa ishirini na nne. Mimi naogopa wagonjwa ishirini na nne, na Felista atakayeanguka siku moja, na dripu kumi zilizobaki stoo mwezi haujafika nusu, na barua ya kuniuliza ziko wapi zile nyingine." Halafu akaniangalia. "Wewe huogopi?"

"Mimi nina nyota, Sista."

"Una bahati," akasema, akachukua funguo zake akatoka. Sijui mpaka leo alijua au hakujua. Ninachojua ni kwamba hata pale sinkini niliona wivu. Katika woga wake wote ule Felista alikuwa na fungu lake, mimi sina.

Lakini kuna mchana mmoja ndio uliokuwa unanirudia nilipokuwa nakusikiliza Jumapili. Nilikuwa nimemkabidhi Felista mgonjwa wa kitanda cha kumi na tano, nikafika getini nikakumbuka mwavuli. Nikarudi. Felista alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda kile. Kiwiko amekiegemeza kwenye godoro ili mkono usitetemeke. Anamlowesha mgonjwa midomo kwa pamba, na kila mara anatazama kiganja chake. Nikasogea kusikia. "Mama Hamisi, Hamisi yuko mlangoni. Na Pili amekuja. Na Mwajuma amekuja na mtoto, kamvalisha kofia nyekundu." Alikuwa amekwenda nje kuwauliza ndugu majina, akayaandika kiganjani asiyakosee. Mimi niliyemcheka! Nilidhani ni dawa tu.

Yule mama akafa anamtazama. Felista akaangalia saa, akaandika. Halafu akatoka mlangoni, mlango ule ninaoujua mimi. Miguu inatetemeka, naiona. Mume wa marehemu akainuka. Nikasema moyoni, kofi hilo linakuja. Akamshika mikono yote miwili ile iliyochanika akasema, "Ahsante, binti yangu. Nimesikia ulikuwa unamtajia watoto."

Asumini, mimi wamenipa kanga, wamenipa mapapai, wamenipa jogoo. Hajapata mtu kunishika mikono namna ile. Nilichukua mwavuli wangu nikaondoka nimejaa wivu mpaka nikapita njia ya nyumbani.

Siku moja Felista alifika getini saa saba na nusu, akasimama, hakuingia. Mlinzi akamwuliza, "Vipi, Nesi?" Akasema, "Nimesahau kitu nyumbani." Hakurudi tena. Ile nafasi ya chuo alipewa msichana wa wodi nyingine.

Yuko sokoni, chini kule shimoni, anauza vitunguu. Nilimkuta mwaka jana kwa bahati mbaya, kwa sababu sokoni napita kama bibi harusi, siangalii upande.

"Shikamoo, Bi Somoe!"

"Marahaba. Eh! Felista! Umenenepa."

"Kwenye vitunguu hafi mtu," akasema, tukacheka. Akanipimia kilo, akaongeza vitatu juu. "Asumini hajambo? Nasikia anasomea unesi. Mwambie asiogope kama mimi." Halafu akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeulizia hali ya shamba: "Na nyota yako bado ipo?"

"Bado ipo."

"Mungu akuzidishie. Mimi sikujaliwa."

Nikasema, "Amina." Asumini, nilisema amina, nikapanda ngazi na vitunguu vyangu.

Na leo asubuhi, wakati unadhani nimekwenda kukutafutia samaki wa kukaanga wa safari, nilikwenda shimoni kumwambia. Nilijipanga toka mtaa wa Narung'ombe, maneno yote tayari. Nikafika, akaniamkia, nikamwambia nipe nusu kilo. Ndiyo maana samaki wako wana vitunguu vingi kuliko samaki.

Sasa wewe. Ule mkono wako unaotetemeka nimeuona, na miguu ya nesi aliyepigwa kofi niliiona, na matapishi ya Sista Agripina niliyafuta mimi. Katika wote niliofanya nao kazi, mkono ambao haukutetemeka ni mmoja tu, huu wangu, na nimekueleza ulivyokuwa unapata utulivu wake: kwa kuondoka. Wale watatu wako hawakufa kwa mkosi. Walikufa, na wewe ulikuwapo. Yule mtoto, uliniambia mwenyewe ulikuwa umemshika unyayo. Mimi niliposikia hivyo nilijua nimezaa Felista, na badala ya kufurahi nikaona wivu mara ya pili kwa mtu yuleyule.

Akifa wa Liwale, utafanya unavyojua. Unajua kuliko mimi. Ukitaka kurudi, rudi, chumba chako sipangishi. Ila usirudi kwa sababu ya mama yako na nyota yake. Nilikuwa naomba urudi, unasikia? Tangu Jumapili naomba ushindwe, urudi uwe mdogo, nikufunike na kanga yangu ya sifa.

Kesho basi likishaondoka nitashuka tena shimoni. Safari hii sichukui kikapu, nisije nikapata kisingizio cha kununua. Nimeanza na wewe kwa sababu karatasi haina macho. Yule anayo, na kabla sijafika kwake lazima neno lenyewe liwe limeshatoka mara moja, nisije nikalimeza tena na amina.

Bi Mgeni hakuwa amelala. Alikufa saa saba na robo, kabla Felista hajafika, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu. Alisema, "Shoga, usiende," akafa. Nilimfumba macho, nikamgeuza akatazama ukuta, nikamvuta shuka mpaka begani, nikaenda mlangoni kumdaka Felista na habari za sabuni. Nilimkabidhi maiti, naye akapokea, na mpaka leo anauza vitunguu akidhani alimwacha mtu akafa kwa sababu hakumgusa. Alifia kwenye zamu yangu. Wala si yeye peke yake aliyefia kwangu. Sina nyota, Asumini, wala sijapata kuwa nayo. Ni uongo.